Tulipopima Watoto kwa Mizani ya Viazi

Mtoto akicheza duka, wewe keti. Usimkatishe, usimsahihishe, usimwambie muuza viazi afute kwanza kamasi. Kaa kwenye mkeka, jifanye unashona kifungo, na umtazame. Hilo ndilo somo langu kwenu, na kama mna haraka ya kwenda kunywa chai mnaweza kuishia hapo. Mengine yote nitakayosema ni maelezo tu ya jinsi nilivyolipata.

Ninyi vijana mnaosomea malezi mkinialika, kila mara hakosekani mmoja wa kuniuliza sera ya watoto wadogo enzi zile ilikuwaje. Mnalipenda neno sera. Sisi tulikuwa na neno agizo. "Agizo limekuja," unasikia mtaani, na kila mtu anajua atafanya kazi ambayo jana hakuwa nayo. Likija la kulima mihogo, watu wanalima hata kando ya reli. Likija la kufuta ujinga, wazee wanaokota kalamu. Na siku moja likaja la watoto wadogo: kila tawi la chama litafute mahali, lifungue kituo cha kulelea watoto mchana, mama apate kufanya kazi akiwa na moyo mtulivu, na mtoto wa mchuuzi apate uji, usafi na michezo sawasawa na mtoto wa mkubwa. Nililipenda agizo lile siku ile ile nilipolisikia. Nalipenda hadi leo, na mkiniona nalicheka humu ndani, jueni ninamcheka ndugu yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Magomeni. Mama yangu aliniita mpekuzi tangu sijaota meno ya ukubwani, kwa sababu nilikuwa siwezi kuona sufuria iliyofunikwa nikapita. Akasema hakuna mume atakayenivumilia. Mume alipatikana, na kazi nayo ikapatikana, kazi ambayo upekuzi ndio mtaji wake. Mtu asiye na hamu ya kujua kwa nini mtoto wa miaka mitatu anaficha ndala moja na kuiacha nyingine, huyo akafanye kazi benki.

Kituo chetu kilikuwa Kariakoo, mtaa mmoja tu kutoka Barabara ya Msimbazi, katika nyumba ya Kiswahili aliyoitoa mzee mmoja kwa tawi. Tulipewa chumba cha mbele na ua. Chumba kilikuwa kizuri mno, sakafu ya saruji, mlango mpana unaotazama barabara, na uzuri huo ndio uliotutia mashakani. Duka la ushirika la tawi nalo lilikuwa linatafuta mahali. Katibu wa tawi alikuwa akija kutusalimia, mkono anatupa sisi na macho anaupa ukuta, anapanga rafu zake. Tulijua kwamba siku tukiteleza, watoto wanarudi sokoni chini ya meza za mama zao, na chumba kinajaa magunia ya sukari.

Niliyefanya naye kazi alikuwa Bi Mwantumu, mama mtu mzima wa ukoo wa pale pale mjini, aliyekwisha kulea watoto wa mtaa mzima kabla serikali haijafikiria kumlipa. Mimi nilitoka kwenye mafunzo na nyimbo zangu za kupokea watoto asubuhi, na msiwasikilize wanaosema mafunzo hayana maana, nyimbo zile zilifanya kazi. Ila kuna mtoto haliwazwi na wimbo. Ukimwimbia anaona unamcheka. Huyo Bi Mwantumu alimpa kazi. "Nishikie mwiko huu, baba, nisije nikaupoteza." Mtoto anashika mwiko, analinda mwiko, anasahau kwamba alikuwa analia. Jaribuni. Lakini mwiko uwe wa kweli, maana wa kuchezea wanaujua.

Kanuni yake kubwa lakini ilikuwa nyingine, na aliniambia wiki ya kwanza, tukiwa tunachambua mchele.

"Mwalimu Zena, hawa watoto watakuambia yote. Baba hakulala nyumbani, mama kaficha sukari, shangazi kagombana na jirani. Neno la mtoto likiingia humu halivuki kizingiti. Likivuka, mtoto hatakuambia tena, na mama yake hatamleta tena."

"Hata likiwa neno zito?"

"Lililo zito ndilo linalozikwa zaidi."

Kwa mtu mpekuzi kama mimi kanuni hiyo ilikuwa nusu adhabu. Kusikia yote, kusema hakuna. Niliikubali, na sikujua kwamba ingekuja kunibana shingo.

Agizo lilisema pia kwamba vifaa vya michezo vitokane na mazingira, tusingoje vya kutoka ng'ambo. Wenzangu niliosoma nao walikwenda mikoani, wakafinyanga ng'ombe wa udongo, wakasuka mipira ya majani ya migomba. Mazingira ya Kariakoo ni yapi? Ni vifuniko vya soda, maboksi, kamba za katani, na vifuu vya nazi kutoka kwa mama ntilie. Basi watoto wetu walicheza duka. Niliwafungia vifuu viwili kwenye kijiti, ikawa mizani. Mawe yakawa viazi, vifuniko vikawa pesa. Wote walitaka kuuza. Kununua hakuna aliyekubali, mpaka Bi Mwantumu akawa anaitwa kutoka jikoni kuja kuwa mteja, anatukanwa bei na watoto wa miaka minne.

Sasa mizani ya kweli. Agizo lilitaka kila mtoto apimwe uzito, maana serikali ilitoa unga na maziwa ya unga, nayo ilitaka kujua kama chakula kinaingia mwilini mwa watoto. Ni haki yake. Ila mizani yenyewe ilikuwa njiani. Kila kitu miaka ile kilikuwa njiani. Nikamwuliza ofisa wetu wa ustawi, Ndugu Haule, kijana mrefu wa Songea aliyekuja na baiskeli na suruali amebana kwa vibanio vya nguo, tufanyeje.

"Anzeni na kilichopo, ndugu," akaniambia. "Huko ndiko kujitegemea. Sokoni hakuna mizani?"

Kweli. Soko zima lina mizani. Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Mfaume, muuza viazi mbatata, kwa sababu mbili. Kwanza, mjukuu wake Rukia alikuwa kwetu, naye ndiye aliyemlea, mama mtu akiwa Lindi. Pili, hapakuwa na mtu mwenye jina zuri pale sokoni kama yeye. Mzee Mfaume hakukosa msikiti, hakukosa salamu, na akishakupimia viazi vyako lazima aongeze kimoja juu. "Na nyongeza yako hiyo, Mungu akubariki." Watu walitoka mbali kufuata nyongeza ile.

Mizani yake ilikuwa ya mikono miwili, masinia mawili mapana ya bati yananing'inia kwa minyororo, huku viazi, huku mawe ya mizani. Nilipomwambia ni ya kupimia watoto alifurahi. Akaanza kuifungua kwenye nguzo. Kisha akasita. Akalishika sinia la viazi, akanitazama, akalitazama sinia.

"Ngoja kidogo, mwalimu, niiweke sawa."

"Iko sawa, mzee. Akina mama wananingoja."

"Nipe dakika tu. Pitia kwa muuza nazi pale, urudi."

"Mzee Mfaume, nitaiosha mwenyewe." Na nikaichukua mikononi mwake, nikaondoka nayo, najiona mchapakazi.

Niliiosha kweli, kwa majivu na ndimu. Chini ya sinia la viazi palikuwa na kiraka kikubwa cha lami, kigumu, na ndani yake kama bamba la chuma. Nikasema hapa palitoboka, mzee akaziba. Nikasugua juu, nikaitundika kwenye boriti ya ua, tukatandika khanga ili watoto wasigandishwe na bati. Sinia lile likainama hata kabla hajakaa mtoto. Nikasema ni khanga. Khanga gani ina uzito ule, mtaniuliza. Nami najiuliza.

Hatukufika mbali. Mama Pili, mkaanga samaki, mwanamke mwenye mdomo na moyo, viwili hivyo vikiwa sawa kwa ukubwa, aliingia kumletea mwanawe kandambili, akakuta mtoto wa mwenzake yuko kwenye mizani ya viazi na mimi naita kilo kwa sauti.

"Ehe. Mnafanya nini?"

"Tunapima watoto, Mama Pili."

"Sokoni kitu kikipanda kwenye mizani kina mnunuzi. Hawa mnunuzi wao nani?"

Nilicheka. Nilikosea kucheka. Kabla ya adhuhuri soko lote lilikuwa na habari, na mwanamke mmoja akatamka neno mumiani, na mkifika hapo hakuna tena mjadala. Mama zao wakaja na mikono ya samaki, ya vitunguu, ya mkaa, kila mmoja anachukua wake. Bi Mwantumu ndiye aliyesimama mlangoni. Hakuwagombeza. Aliwauliza tu wanaogopa kipi: mizani, au mkono unaopima? Likafumuka zogo, kumbe kila mmoja anaogopa lake. Yupo aliyeogopa mwanawe kuuzwa, yupo aliyeogopa kijicho, mtoto kutajwa unene wake hadharani bila hata Mashallah. Basi tukaafikiana hapo hapo. Kila mtoto apandishwe kwenye mizani na mzazi au mlezi wake mwenyewe, aseme Mashallah, au Mkristo aombe anavyoomba, na mimi nimnong'oneze uzito sikioni. Ukawa ndio utaratibu wetu tangu siku ile. Mambo yakawa matamu hata baadhi ya akina mama wakataka kupimwa wao, Bi Mwantumu akakataa kwa ajili ya boriti.

Uzito ukaandikwa kwenye kadi, mizani nikamrudishia mwenyewe. Aliipokea haraka haraka, akauliza tu, "Imefanya kazi vizuri?" Nikamwambia vizuri sana.

Miezi ikapita. Masika ikaja, Jangwani ikajaa maji, watoto wa bondeni wakawa wanaletwa mabegani na matope hadi masikioni. Tulipika uji kila siku, unga, maziwa, karanga za kusaga tulipozipata. Tukaanza kuona mashavu. Pili gauni lilimbana, tukasogeza kifungo. Rukia kaptula ya kaka yake aliyokuwa akiivaa ikidondoka sasa ikamkaa. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa, natembea barabarani nacheka peke yangu.

Ndipo mizani ya serikali ikawasili. Nyeupe, ina uso wa saa, na suruali ya turubai ya kumning'iniza mtoto. Ndugu Haule aliileta mwenyewe kwenye baiskeli, ameikumbatia. Mama zao wakaja, wakawapandisha. Mtoto wa kwanza amepungua. Wa pili amepungua. Pili, aliyesogezewa kifungo, amepungua. Wote, ua mzima.

Ndugu Haule aliacha kuandika. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha.

"Ndugu walezi, maziwa yanakwenda wapi?"

Katibu wa tawi alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona anautazama ukuta. Ikaamuliwa kiwe kikao Ijumaa ijayo baada ya sala. Tukishindwa kueleza, kituo kinafungwa, chumba kinakwenda kwa duka, na habari ya maziwa inapelekwa mbele. Mbele maana yake polisi, sote tulijua.

Bi Mwantumu hakula siku ile. Umri wote ule, mtu hajawahi kumwambia hata kwamba chumvi imezidi, leo anaitwa mwizi wa maziwa ya watoto. Mimi niliogopa, sitaficha. Lakini hofu yangu ilikuwa na mwenzake aliyeizidi nguvu: nilitaka kujua. Nguo zinabana na uzito unapungua, inawezekanaje? Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikaipima ile mizani nyeupe kwa jiwe la kilo la kuazima, ikasema kilo. Nikapima uji kwa kikombe. Nikamvizia paka. Nikamuuliza mganga wa zahanati kama kuna ugonjwa unaonenepesha kwa macho tu, akanishauri nipumzike. Mizani ya Mzee Mfaume haikunijia kichwani. Mtu anayekupa nyongeza kila siku, utamshukuje?

Siku mbili kabla ya kikao nilikaa uani, kifungo mkononi, sina hata nguvu ya kuimba. Watoto walikuwa wanacheza duka. Rukia ndiye muuzaji. Alikwenda pembeni, akaokota donge la lami, lile ambalo watoto hubandua barabarani jua likichoma, akalichomeka kifuniko cha soda, akalibandika kwa makini chini ya kifuu kimoja. Kisha akaanza kupima mawe yake.

Ulimi uliniwasha. Nikaubana. Pili akauliza badala yangu.

"Mbona unaweka uchafu?"

"Siyo uchafu. Mizani ndivyo inavyokaa," Rukia akasema. "Babu anaweka. Wakija mabwana wa vipimo anatoa, wakiondoka anaweka. Haya, viazi vyako hivi. Na nyongeza yako hiyo, Mungu akubariki."

Kile kiraka. Ile "ngoja niiweke sawa". Mzee wa watu alitaka kukibandua, nami nikamsimamia kichwani nikaipora mizani. Tulikuwa tumeandika watoto wetu wote wazito kuliko walivyokuwa. Hawakupungua. Walikuwa wameongezeka muda wote, na karatasi ndiyo haikujua.

Nilimkimbilia Bi Mwantumu jikoni. Alikuwa karibu na dirisha, anakoroga.

"Umesikia?"

"Nimesikia," akasema. "Nawe hujasikia."

"Bi Mwantumu, wanatuita wezi."

"Wanatuita leo, kesho watachoka. Yule mtoto watamwita aliyemfunga babu yake, na hilo halichoki."

Nilimkasirikia. Nilitoka jikoni nikaubamiza mlango, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mtu mzima. Lakini alikuwa ananieleza kweli. Miaka ile neno mlanguzi lilikuwa moto, mtu akishikwa na mizani ya kuibia hapati wa kumtetea. Na Rukia angejua kwamba alicheza mbele ya mwalimu wake, na mchezo ukaenda polisi. Nani angecheza tena mbele yangu?

Nikakaa na mambo mawili, moja mkono huu, moja mkono huu. Mwisho nikaona kwamba kanuni inanikataza kusema. Haikunikataza kuuliza. Nikaenda sokoni.

"Shikamoo, Mzee Mfaume."

"Marahaba, mwalimu. Leo nikupe vipi?"

"Sikuja kununua. Ijumaa kuna kikao, na watoto watapimwa tena. Safari zote mbili Bi Mwantumu alimpandisha Rukia kwa niaba yako, hii ni zamu yako."

"Nitakuja. Kikao cha nini?"

"Watoto wote wamepungua, mzee. Tangu tuwapime kwa mizani yako hadi hii ya serikali. Wanasema mimi na Bi Mwantumu tumekula maziwa."

Alikuwa anapanga viazi. Akaendelea kupanga, kimoja juu ya kingine, na kilichokuwa juu kikawa kinaporomoka.

"Na Rukia?"

"Na Rukia."

"Kiasi gani?"

Nikamwambia.

"Na wengine kiasi gani?"

"Wanakaribiana, mzee. Ajabu yake ndiyo hiyo."

Sikusema neno jingine, na ninyi mnaonijua mtaelewa ilinigharimu nini. Mzee Mfaume akachukua mfuko wa karatasi, akaujaza viazi, akanikabidhi. Hakuvipima. Nilitembea navyo hadi nyumbani sijui kama nimepewa zawadi au nimefukuzwa.

Ijumaa ua ulijaa. Ndugu Haule kwenye kiti, katibu kwenye kiti, mjumbe wa nyumba kumi kwenye stuli, akina mama wamesimama. Bi Mwantumu alivaa baibui lake la Idi. Mzee Mfaume hakuwepo, na kila dakika niliyotazama mlango moyo ulishuka. Katibu alikuwa ameshaanza kusema kwamba ushirika nao ni wa wananchi, aliposikika Rukia: "Babu."

Aliingia na gunia begani. Akalishusha, akatoa ile mizani, akaomba kamba, akaitundika kwenye boriti kando ya ile nyeupe. Hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyeelewa. Masinia matupu, na moja likainama. Akamwinua Rukia, akasema Mashallah, akamweka kwenye lile lililoinama, akaweka mawe hadi yakalingana. Kisha akamtoa, akamvika ile suruali ya turubai, akamning'iniza kwenye mizani ya serikali.

"Someni," akasema.

Ndugu Haule alisoma. Akasimama, akaligeuza lile sinia la bati.

"Hii nini, mzee?"

"Hiyo ni ya sokoni, mwanangu. Mwalimu alipokuja kuazima nilitaka kuitoa. Alikuwa amesimama pale ananitazama, nikaona haya. Hawa wanawake hawakula maziwa ya mtu."

Nusu ya akina mama wale walikuwa wateja wake, na ulikuwa unaona kila mmoja anarudi nyuma kichwani, anapima upya viazi vya miaka. Mjumbe akakohoa. Ndugu Haule akautoa mkono mfukoni, akalibandua bamba lile taratibu, akalipima peke yake kwa mawe, kwenye masinia yaliyokuwa sasa yamelingana. Kisha akaketi, akachukua kadi moja moja, akapunguza uzito ule kwenye kila kipimo cha kwanza. Tulimngoja. Alipomaliza alitabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonifanya nikae chini kwenye saruji.

"Wameongezeka," akasema. "Wote. Na huyu Pili ameongezeka hadi nina wasiwasi naye."

Bi Mwantumu alilia, akajifunika na baibui.

"Na huyu?" katibu akauliza, anamwonyesha Mzee Mfaume.

Ndugu Haule akamtazama yule mzee, kisha Rukia, aliyekuwa bado ananing'inia anachezesha miguu. "Mimi ni ofisa wa watoto, ndugu katibu. Mizani za soko zina ofisi yake." Bamba akaliweka mfukoni mwake. Ndipo Mama Pili, aliyekuwa kimya kwa mara ya kwanza katika historia ya Kariakoo, akasema: "Mzee Mfaume, kuanzia kesho nyongeza yangu mimi ni viwili." Ua mzima ukacheka, hata mjumbe. Mzee hakucheka, lakini alipompokea Rukia mikono yake ilikuwa imetulia.

Chumba kikabaki chetu. Duka la ushirika lilipata mahali mtaa wa pili, na katibu akawa anatusalimia huku anatutazama sisi.

Mzee Mfaume hakujua hadi anafariki kwamba nilikuwa nimejua. Alidhani aliunganisha mwenyewe, na kweli aliunganisha mwenyewe. Ninyi ninawaambia leo kwa sababu Rukia amenipa ruhusa. Sasa ni bibi wa wajukuu, na nilipomkumbusha alicheka hadi miwani ikaanguka. Hakumbuki lami wala kifuu. Anakumbuka ile suruali ya turubai, kwamba alining'inizwa juu na watu wote wakawa wanamtazama wanacheka, naye akadhani ni siku yake ya kuzaliwa.

Nanyi mtaletewa maagizo, mazuri, yameandikwa vizuri. Yafanyeni kwa moyo. Mkiambiwa watoto wamepanda au wameshuka, ulizeni walipimwa na nini mara ya kwanza, na mwenye kile chombo alikuwa na mkono wa namna gani. Majibu msiyatafute kwa kuwahoji watoto. Kaeni.

Wiki ile baada ya kikao nilikaa. Rukia alikuwa muuzaji tena, na Pili akamsimamia, amejifunga kiuno kama mama yake.

"Mbona leo huweki ile lami?"

"Babu kasema ya watoto haibandikwi."

Kama ile ya sokoni haikubandikwa tena, sijui. Sikwenda kutazama chini ya sinia lake, na kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizofanya katika miaka yangu ya malezi. Rukia alipima mawe yake, akaongeza jiwe moja la nyongeza, akanyoosha mkono apewe vifuniko. Mimi nikaendelea kushona kifungo.